Operesheni Ruka Mwaka

Jumatatu, 3 Agosti

Leo operesheni imezaliwa. Jina: Ruka Mwaka. Kamanda: mimi. Askari: mimi. Adui: mwaka wa kwanza.

Hali yenyewe ni hii. Binti yangu amepata nafasi chuo kikuu, shahada ya teknolojia ya habari. Mimi nimepata nafasi chuo hicho hicho, shahada hiyo hiyo. Niliomba kabla yake! Yeye anadai nilimchungulia begani alipokuwa anajaza maombi. Basi jana mezani akaniambia, kwa adabu zote, kwamba ananiombea nisome hadi niote mvi za elimu, ila tafadhali tusikae darasa moja. Rafiki zake wote watakuwemo. Nakusihi, Baba, alisema. Machozi yalishaanza kumlengalenga.

Nimemwahidi. Ahadi ya askari.

Njia ipo. Mtu mwenye uzoefu wa kazi na vyeti vya taaluma, chuo humsamehe baadhi ya masomo. Nina miaka kumi na minane jeshini, kikosi cha mawasiliano, nimestaafu nikiwa sajenti. Nina cheti cha mitandao ya kompyuta. Nikiongeza cha usalama wa mitandao, naruka mwaka wa kwanza wote na kutua wa pili. Binti ataniona kwa mbali, kwenye korido, na hata hatalazimika kunisalimia.

Shemeji aliposikia alicheka hadi chai ikamtokea puani. Huyu ni mdogo wa mke wangu. Alikuja kututembelea wiki moja, mwaka juzi. Anatengeneza simu barazani kwangu na anajiita fundi mkuu. Cheti hana hata cha kuogelea. Ngoja tu.

Jumanne, 4 Agosti

Nimekwenda chuoni kwa mama wa tathmini. Yeye ndiye anayepima uzoefu wa watu na kuamua wasamehewe nini. Miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Nilipiga saluti. Aliniomba nikae.

Nikamkabidhi maelezo yangu ya kazi. Nilisugua kichwa wiki nzima kuyaandika! "Nilisimamia miundombinu ya mawasiliano ya kimkakati katika mazingira yenye changamoto anuwai." Akayasoma mara mbili. Akauliza, sawa, lakini kutwa nzima mikono yako ilikuwa inafanya nini? Nikamjibu kwamba hiyo ni siri ya jeshi. Akasema siri ya jeshi anaiheshimu sana, ila siri haina maksi.

Ukweli? Niliona haya. Nitamwambiaje mama wa watu, mwenye vitabu hadi darini, kwamba nilikuwa nabeba waya?

Nirudi Jumatano ya wiki ijayo, amesema, na matokeo ya mtihani wa usalama na jibu la swali lake. Siku hiyo ndiyo ya mwisho. Swali nitalikwepa. Mtihani nitaufaulu. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi, 6 Agosti

Mtihani ni kesho. Unafanyiwa nyumbani, kwenye kompyuta, na msimamizi anakutazama kwa kamera kutoka huko aliko. Masharti ni ya kufa mtu: chumbani awe mtahiniwa peke yake, asizungumze, asitoke mbele ya kamera hata kidogo.

Nimetoa amri kwa nyumba nzima. Kuanzia saa tatu asubuhi sebule ni eneo la kijeshi. Cherehani ya mke wangu inyamaze. Bomba lisifunguliwe. Shemeji ahamie popote. Mke wangu akauliza tangu lini ameolewa na kambi. Shemeji akasema ana wateja, hahami, ila atafanya kazi kimya kama samaki. Nilipaswa kumfukuza pale pale. Moyo wangu wa huruma utaniponza.

Jioni binti kanisaidia kujipima. Hodari huyo! Maswali ya nyaya na vifaa nilikuwa namjibu kabla hajamaliza kusoma. Hesabu za kugawa anwani za mtandao, mmh, tuziache. Akauliza, mtu usiyemjua akikuomba neno la siri unafanya nini? Nikajibu, namkamata. Akasema jibu ni kutompa. Mimi nashikilia kwamba langu limekamilika zaidi.

Akauliza pia, mtu akijifanya mtu mwingine ili aingie kwenye mfumo? Hapo nilijibu barabara: ni udanganyifu, aripotiwe mara moja. Akanipigia makofi.

Ijumaa, 7 Agosti

Msiba.

Ilianza vizuri mno. Sebule kimya. Msimamizi, kijana mpole, akanikagua chumba, akaridhika. Nikaanza kumwaga majibu. Nilikuwa nimevuka nusu na kuonja ushindi ulimini, ndipo barazani ikalia tarumbeta.

Ile tarumbeta! Ya alfajiri, ya kuamsha kambi! Mwili wangu ulisimama kabla mimi sijaamua. Visigino pa! Kidevu juu, mikono kwenye mshono wa suruali. Kiti kikaanguka. Kwenye kamera, nasikia, kilichobaki ni mkanda wangu. Msimamizi akaandika, tafadhali kaa. Nitakaaje nayo haijaisha? Akaandika tena. Nayo bado inalia. Kuruta anayekaa katikati ya tarumbeta namjua, nilimkimbiza na godoro kichwani.

Ilipoisha, mtihani ulikuwa umefutwa.

Shemeji anaapa simu ni ya mteja, mlio aliukuta, yeye alikuwa anapima spika. Kimya kama samaki! Nikamwambia yangu yote. Mke wangu akasema simu haikunishika mkono kuniinua, nimesimama mwenyewe. Mwanamke huyu nampenda, lakini jeshi halielewi.

Msimamizi amenipa nafasi nyingine, Jumatatu. Ila tarumbeta bado inanilia kichwani. Nikiisikia tena je?

Jumapili, 9 Agosti

Jana binti aliniletea chai. Akasema nisijali, hata tukiwa darasa moja yeye atakaa mbele, mimi nikae nyuma, watu hawatajua. Alisema kwa upole kabisa. Afadhali angenifokea! Nilikwenda jikoni nikalia kidogo. Bahati nzuri kulikuwa na vitunguu vinakatwa.

Leo basi nimekuja na mpango mpya, na ni mzuri hadi nautilia shaka. Mtihani atafanya shemeji. Yeye kila siku anafungua simu zilizofungwa, kwa hiyo usalama anaujua kwa mlango wa nyuma. Sura tunakaribiana, na taa ya sebuleni ni hafifu. Kilichobaki ni masharubu. Mimi ninayo, yeye ana kidevu cha mtoto mchanga.

Nikamfuata barazani, nikameza mate pamoja na heshima yangu, nikamwomba. Anataka kiti changu cha dirishani. Moja kwa moja! Nimekubali. Nimekalia kiti kile tangu nilipostaafu, kimeshanizoea mgongo.

Jumatatu, 10 Agosti

Asubuhi mke wangu alitukuta sebuleni, nimemshika shemeji kidevu, namchora masharubu kwa wanja wa dada yake. Alichukua wanja wake, akautazama ulivyobaki, akaondoka. Nilijua nitaulipia kwa njia nyingine.

Nyuma yake akaingia binti. Akamwangalia mjomba wake, akaniangalia mimi. Akauliza kama mtihani huu si ule ule wa usalama. Nikasema ndio. Akauliza, mtu akijifanya mtu mwingine ili aingie kwenye mfumo, anafanywaje, Baba? Alhamisi jibu ulilijua.

Ardhi haikupasuka, ingawa niliiomba. Nikasema, anaripotiwa. Akasema hataniripoti. Angependa tu nikae mwaka wa kwanza na jina langu kuliko wa pili na masharubu ya mjomba.

Nikayafuta mwenyewe, kwa kiganja. Shemeji akabaki na uso mweusi nusu, akauliza vipi kuhusu kiti. Nikamfungia nje.

Nikaufanya mtihani mimi. Kwa jasho, lakini mimi. Nimefeli. Nimepungukiwa maksi chache tu, zote za kugawa anwani. Ajabu ni kwamba usiku huu najisikia mwepesi. Ila ahadi yangu kwa binti inaning'inia kwenye uzi.

Jumatano, 12 Agosti

Kwa mama wa tathmini, mikono mitupu. Sikupiga saluti, sikuwa na nguvu. Nikamwambia mtihani umenishinda. Akavaa miwani, akauliza swali lile lile: mikono yako ilikuwa inafanya nini?

Potelea mbali, nikasema moyoni. Nikamwambia. Nilikuwa nabeba waya mgongoni, naulaza matopeni kutoka kituo hadi kituo ili simu zizungumze. Ukikatika, naamshwa mimi. Akauliza, ulijuaje ulipokatika? Nikamweleza: huendi tu gizani kuupapasa wote. Unapima katikati. Upande mmoja ukiwa mzima, unauacha, unagawa wa pili, unapima tena. Akauliza makuruta niliwafundishaje, kumbukumbu za laini tulizitunzaje, redio ikigoma naanzia wapi. Nikasahau haya zangu zote. Niliongea hadi nikasimama na kuanza kuchora ukutani kwa kidole!

Akaandika, akaandika. Akaniuliza kwa nini sikusema hivi siku ile, badala yake nikampa sentensi isiyobeba hata waya mmoja.

Matokeo: kwa cheti changu na kazi yangu, nimesamehewa masomo yote ya mwaka wa kwanza. Nimo mwaka wa pili! Nilimpigia saluti mbili. Akasema nisubiri, hajamaliza. Yote isipokuwa hisabati. Hiyo nitaisoma na mwaka wa kwanza, kila Jumatatu asubuhi.

Na binti.

Alhamisi, 13 Agosti

Nilikusudia kumficha. Kofia, miwani ya jua, kiti cha mwisho, nani angenijua? Mke wangu akaniambia nikijaribu ataniuza pamoja na kiti. Nikamwambia binti ukweli wote wakati anaosha vyombo. Nilishika kitambaa, nikawa nafuta sahani moja tu muda wote.

Alifunga bomba. Kisha akaangua kicheko, kile chake cha utotoni cha kupaliwa. Akasema somo moja ni afadhali, yeye alishajiandaa kwa yote. Masharti yake: nisisimame mwalimu akiingia, nisiseme "ndiyo afande", nisimwite mwanangu mbele za watu. Nimekubali yote. Ahadi ya askari, safari hii ya kweli.

Jumatatu, 31 Agosti

Nimesoma hisabati leo! Mimi, mtu mzima na goti langu bovu!

Nilikaa nyuma kabisa. Mwalimu akaingia. Damu ikanipanda miguuni, nikaung'ang'ania ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili, na sikusimama. Hata meno niliyauma. Binti, kule mbele, aligeuka akaniona nimekaa. Akatabasamu.

Kisha mwalimu akasema tukae wawili wawili kwa mazoezi, na hao wawili watabaki pamoja muhula mzima. Vijana wakavutana mashati, wakacheka, wakapangana. Nikabaki na dawati langu. Nilijifanya natafuta kalamu mfukoni, na kalamu ilikuwa mkononi.

Nikasikia kiti kinaburutwa. Binti yangu ametoka mbele, mkoba begani, kapita katikati ya rafiki zake wote, kaja kukaa kando yangu. Kijana mmoja akamuuliza kama ananifahamu. Akasema, kwa sauti ya kusikika hadi dirishani, huyu ni baba yangu, na nyaya anazijua kuliko nyinyi wote.

Nililia. Hapakuwa na kitunguu, nilikosa cha kusingizia. Alinipa leso, akaniambia swali la kwanza ni letu sote.

Nimejifunza mengi safari hii. Kubwa ni kwamba darasa lile halina nidhamu hata chembe! Wanaingia kama mbuzi, wengine baada ya mwalimu. Jumatano wanachagua kiongozi wa darasa. Nimeshaamua kugombea. Jina: Operesheni Nyoosha Darasa. Binti sijamwambia, nataka afurahi ghafla. Shemeji nimemrudishia urafiki na nusu ya kiti, naye kaniwekea tarumbeta ile ile kwenye simu yangu, iwe inalia kila Jumatatu kabla ya kipindi, wote wasikie wajipange mlangoni.

Tumeijaribu sasa hivi. Inafanya kazi sawasawa. Sentensi hii naiandika nikiwa nimesimama wima.