Vita vya Tikiti na Kiti cha Feni

Sogeeni, nyote mlioketi na nyinyi mnaosimama mlangoni mkijidai mna haraka! Aliye na sufuria jikoni apunguze moto, aliye na mtoto mgongoni amfunge vizuri, kwa maana nitakayoyasimulia hayajapata kutukia tangu jua lijifunze kuchoma. Nawaletea habari za Fundi Sikio, simba wa sebule, mtawala wa kiti kinachotazama feni, jinsi alivyotoka peke yake saa sita na nusu mchana, bila jeshi na bila mwavuli, akavuka hatua mia mbili za lami inayoyeyuka hadi kwenye kibanda cha kando ya barabara, akanunua tikiti. Naam, tikiti maji. Anayetaka kucheka acheke sasa, baadaye hatapata nafasi.

Sharti kwanza mjue nasaba ya shujaa. Huyu alikuwa fundi wa redio enzi zile redio zilipokuwa na heshima. Ulimletea sanduku lililokufa, naye hakulifungua; aliinamisha kichwa, akatega sikio, akaligonga mara mbili kwa kidole cha kati, akatangaza ugonjwa. Mara nyingi alikosea, lakini alikosea kwa sauti nzito, na watu wakaenda zao wameridhika. Enzi zikapita, redio zikahamia ndani ya simu, sikio likabaki halina kazi. Basi likaanza kuranda mitaani. Fundi akagonga milango ya watu na kuwaambia mbao zake zina mchwa. Akagonga matangi ya maji na kutoa hukumu. Alipokuwa bado kijana aligonga hata tumbo la mkewe, mara mbili, kwa adabu, akatangaza kwamba wote waliomo ni wanaume. Nyumba ile ina mabinti wawili, na wote wameshaolewa, na mpaka leo yeye husema mawimbi siku ile yaliingiliana.

Mwaka huo kiangazi kiliingia bila hodi na kikakataa kuondoka. Mishumaa ilijikunja kabatini kama wazee wenye maumivu ya mgongo. Mkate ulikauka mezani kabla haujafika mdomoni. Kuta zilitoa joto hata jua lilipozunguka upande wa pili, na watu wa nyumba moja wakaacha kukaa karibu karibu, wakapendana kwa mbali. Na katika nyumba ya Fundi Sikio palikuwa na feni moja tu.

Feni hiyo, wasikilizaji wangu, ilikuwa ya kusimama, yenye shingo, na nyuma ya shingo kulikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, feni huanza kugeuka taratibu kulia na kushoto, ikimpa kila mtu haki yake ya upepo. Ukikivuta juu, husimama ikamkodolea macho mtu mmoja. Fundi alikivuta juu siku ile ile feni ilipoingia ndani, akaweka kiti chake mbele yake, akanena: "Feni ikigeuka hutawanya nguvu, na shingo huungua. Haya ni mambo ya kitaalamu, asiguse mtu." Tangu siku hiyo hakuna aliyekigusa. Mkewe alipata upepo kwa kupita nyuma ya kiti akijifanya anafagia.

Kisha akaja mama mkwe. Alikuja kwa wiki moja, na mwezi huu ulikuwa wa tatu. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa joto kama mikate iliyoumuka, naye alikaa kwenye kigoda karibu na mlango akijipepea kwa kifuniko cha ndoo. Hakulalamika hata siku moja. Alikitazama tu kile kiti, jinsi jemadari mwenye subira anavyoitazama ngome.

Siku ya siku ilipofika, shemeji, yaani mdogo wa mkewe, aliyekuja kuwasalimia na hakuwa na mfupa hata mmoja wa kunyamaza, aliinua sauti. "Shemeji, joto hili lahitaji tikiti. Ila tafadhali, asiende yule aliyekwenda wiki iliyopita."

Mkewe akainama kuficha uso. Maana wiki iliyopita Fundi Sikio alileta tikiti alilolichagua kwa kuligonga, likapasuliwa mbele ya wote, na ndani lilikuwa jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Mama mkwe alikuwa ameonja kipande, akatafuna kwa heshima, akasema maneno yaliyozunguka mtaa mzima kabla ya jua kuzama: "Ahsante, mwanangu. Hili ni tango lililoshiba."

Basi simba akanguruma. Akasimama kutoka kitini, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu asubuhi, mgongo wa shati ukabaki umenata kitini kidogo kisha ukaachia, akanena: "Je, ni mimi ninayesemwa hivi ndani ya nyumba yangu? Sikio hili lilisikia meli zikiitana katikati ya bahari kwa redio isiyo na betri! Leo nitatoka, nami nitarudi na tikiti ambalo vizazi vitalisimulia. Na lisipokuwa jekundu, jekundu la damu, kiti hiki nakivua kama mfalme avuavyo taji, akikalie atakaye, kiangazi kizima!"

"Umesema kiangazi kizima?" mama mkwe akauliza polepole, na kifuniko cha ndoo kikasimama hewani.

"Kizima, mama."

"Wote mmesikia?"

"Tumesikia!" akapaza shemeji, na hata majirani wawili waliokuwa wamekuja kuazima chungio, wakasahau kulichukua, wakaitikia kwamba wamesikia.

"Chukua mwavuli, baba watoto," mkewe akamsihi.

"Jua ni ndugu yangu," akajibu, akatoka.

Ndugu huyo alimpokea kwa makofi. Hatua ya ishirini, ndala ya kushoto ikanata kwenye lami ikabaki nyuma, naye akairudia akirukaruka kwa mguu mmoja, adui akimchoma unyayo. Hatua ya sitini, jasho likaingia machoni. Hatua ya mia, akatamani mwavuli, lakini mashujaa hawarudi nyumbani kufuata mwavuli wenye maua. Alipofika, mdomo ulikuwa umekauka kiasi kwamba salamu yake ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta.

Kibanda chenyewe kilikuwa mbao nne na turubai la bluu. Chini yake nyanya zilipangwa mafungu mafungu, kila fungu likiwa na nyanya moja nzuri juu kwa ajili ya macho, mabilingani yaking'aa kama viatu vya maharusi, maembe, pilipili hoho, mboga za majani zikinyunyiziwa maji na muuzaji, mama mnene mwenye sauti ya chini, ambaye hulima shamba nyuma ya barabara hiyo hiyo na huyajua matikiti yake kama mtu anavyowajua wanawe, hata yupi mvivu. Yalikuwa kumi na moja, yamelala juu ya magunia.

"Karibu, mzee. Pole na jua. Nikuchagulie?"

"Mimi," akasema Fundi, "sichaguliwi."

Na vita vikaanza. Akapiga goti mbele ya lile la kwanza, akainamisha kichwa, akagonga: du, du. Akatikisa kichwa kwa huzuni. La pili: du, du. "Hili lina homa." La tatu: "Hili limeiva upande mmoja." Dada mmoja aliyekuwa akichagua nyanya akasimama kutazama, nyanya mkononi. "Mama, huyu ni daktari?" akamnong'oneza muuzaji kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara.

"Mzee," mama muuzaji akasema, "usigonge tu. Geuza uangalie tumbo lake, pale lilipolalia udongo. Likiwa la manjano, limekaa shambani likaiva. Likiwa jeupe, limekatwa mapema. Ni hivyo tu."

"Mama, nimeshika redio miaka thelathini."

"Haya."

Akayamaliza yote kumi na moja, akayakataa yote kumi na moja. Ndipo jicho lake likaangukia pembeni, nje ya magunia, mahali ambapo turubai linagusa ardhi. Pale, juu ya pindo la turubai, liliketi tikiti kubwa kuliko yote, limelainika, linang'aa, limejitenga kama sultani asiyependa kelele. Akaliendea kwa magoti. Akagonga. DUUU. Sauti ikatoka nzito, ya ndani, kama ngoma iliyotiwa maji. Fundi akafumba macho.

"Hili," akanena.

"Hilo siuzi, mzee. Hilo ni jiwe langu."

"Jiwe?"

"La kuzuia turubai. Upepo ukija, turubai huruka, nyanya zinaungua. Nimeliweka hapo tangu kiangazi hakijaanza."

Hapo wote wenye akili wangesimama, wakajipangusa magoti, wakaomba radhi. Lakini shujaa wetu akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu la mtu aliyegundua hila, akamgeukia yule dada wa nyanya kama anayehutubia bunge. "Mnaona wanavyofanya? Bora kuliko yote wanalificha, wanaliita jiwe! Ila sikio halidanganywi kwa jina."

"Mzee wangu, sikudanganyi. Limechacha hilo."

"Mama, niuzie jiwe lako."

Mama muuzaji akamtazama muda mrefu, akamtazama yule dada, akautazama uso ule uliolowa jasho, na mtu akikutazama hivyo ujue ameshakuombea dua. Akasema, "Mwenyewe umesema." Akaenda kutafuta tofali la kuweka mahali pa sultani, na kabla hajarudi upepo ukaja, turubai likapaa pembe moja, jua likazipiga nyanya kofi, akaanza kulikimbilia huku akicheka peke yake.

Kisha akaingia ndani ya kibanda, akatoka na kitikiti kidogo kisichozidi kichwa cha paka, chenye kovu ubavuni na tumbo la manjano kama yai, akakitia kwenye mfuko wa plastiki. "Chukua na hiki. Nyongeza."

Fundi akarudi nyuma kama aliyetukanwa. "Mimi si mtu wa nyongeza, mama! Nyongeza ni ya wanaobembeleza."

"Chukua tu, baba. Utanikumbuka." Na kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa imelikumbatia jiwe, akamtundikia mfuko kwenye kidole cha kati, kile kile, mtaalamu.

Nipe pumzi niisimulie ile safari ya kurudi! Hatua mia mbili, tikiti kifuani likimwambia maneno ya ndani kila anapotikisika, mfuko ukimkata kidole, jasho likimdondoka puani bila mkono wa kulipangusa. Akaingia sebuleni kwa kishindo, akaliweka mezani, kati ya feni na kiti, watu wote wakalizunguka.

"Na hiki kwenye mfuko?" shemeji akauliza.

"Nyongeza," akasema kwa dharau. "Tupeni huko."

Mkewe akaleta kisu. Fundi akaketi kitini mwake, mara ya mwisho kuketi kwa amani, akainua mkono kama anayefungua daraja. "Pasua!"

Kisu kikagusa ganda. Na lile tikiti, wapenzi wangu, halikupasuka, lilipumua. Lilisema *fyuuuu*, kwa muda mrefu, kama mtu aliyeshikilia siri tangu kiangazi hakijaanza, kisha likafyatuka. Povu likaruka, maji ya kijivu yakaruka, harufu ya kitu kilichokufa kikiwa na hasira ikajaa chumba. Na feni, ile feni yenye shingo iliyokatazwa kugeuka, iliyofunzwa miaka yote kumtazama mtu mmoja, ikayakusanya yote kwa uaminifu ikampelekea bwana wake usoni. Mbegu tatu zikabaki kwenye paji la uso. Hakuna mwingine aliyepata hata tone.

Shemeji akaanguka chini, na si kwa kuzirai.

Mama mkwe akakiweka kifuniko cha ndoo sakafuni. Akainuka, mguu mmoja, kisha wa pili. "Pisha, mwanangu."

"Mama, mawimbi yame..."

"Pisha, baba. Nenda kanawe."

Aliporudi amenawa, meza ilikuwa imefutwa, mama mkwe yuko kitini amefumba macho, na mkewe alikuwa amekipasua kile cha mfuko kwa sababu kiu haina majivuno. Ndani kilikuwa chekundu. Chekundu mpaka ganda, chenye chembe za sukari zinazong'aa. Walikuwa wanakula, maji yakiwatiririka viwikoni.

Shujaa akavuta pumzi, kifua kikarudi mahali pake. "Je, si mimi niliyekileta? Je, si kwenye kidole changu kilikuja? Ahadi ilikuwa jekundu, na jekundu hili hapa! Kiti kinirudie!"

"Ulisema tukitupe," mkewe akasema, akitema mbegu.

"Ulikiita nyongeza, shemeji, kwa mdomo wako," akaongeza yule wa sakafuni.

Mama mkwe akafumbua jicho moja. "Ni kweli, amekileta. Hatumnyimi haki yake. Nyongeza imeokoa siku, basi naye atakuwa nyongeza." Akamwonyesha kigoda kilichokuwa pembeni, karibu na mlango, kando yake kifuniko cha ndoo. Kisha, bila kugeuka, akapeleka mkono nyuma ya shingo ya feni, akakibonyeza kitufe.

Tak. Shingo ikageuka. Haikuungua. Ikampa mama mkwe, ikampa mkewe ambaye alisimama katikati ya chumba bila ufagio kwa mara ya kwanza, ikampa shemeji, ikawapa majirani wa chungio, na mwisho kabisa, ikiwa imechoka, ikafika pembeni pale kwenye kigoda, ikamgusa Fundi Sikio shavuni kwa muda wa kumeza mate mara moja, ikaondoka.

Basi na iandikwe, na wajukuu wasomewe: kwamba katika kiangazi kile kikuu, mtu mmoja alivuka lami kwa miguu yake, akalikataa kila tikiti zuri, akaliteka jiwe la turubai, akaleta ushindi kwa kidole bila kujua, na akajipatia pumzi moja ya upepo katika kila mzunguko. Na upepo ulipomfikia mara ya pili, aliinamisha kichwa kuelekea kwenye feni, akasikiliza, akatangaza kwa sauti nzito:

"Mnasikia inavyogeuka vizuri? Nilijua shingo hii itafanya kazi."