Nyenje wa Nyuma ya Cherehani Arudishwe

Kwa Mkuu wa Idara ya Wadudu, Chuo Kikuu.

Mheshimiwa, salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kuwasikiliza viumbe wasiojua kunyamaza. Mimi ni mjane wa fundi cherehani, na kwangu ndiko alikopanga mwanafunzi wenu wa shahada ya uzamili. Nalalamikia tangazo lenu la nafasi za utafiti wa mawasiliano na tabia za wadudu, maana ndilo lililomleta.

1. Nyuma ya cherehani ya marehemu kulikuwa na nyenje. Marehemu akikanyaga pedali, mdudu kimya. Akitua atunge uzi kwenye sindano, mdudu analia. Marehemu naye alikuwa akimwambia, "Subiri, mzee, zamu yako inakuja." Tangu mume wangu afariki, mlio huo ndio unaokaa nami jioni. Mwanafunzi wenu amemtia mdudu kwenye chupa na kuibandika namba. Hata pole hakunipa.

2. Nilipomdai mdudu wangu, akanijibu kwa adabu, "Mama, huyu hasemi na watu. Anaita mke." Katika nyumba ya msiba, Mheshimiwa! Nikampigia simu wifi yangu anifariji. Akacheka mpaka akakohoa: "Afadhali huyo anasema, wifi. Kaka yangu alikushonea magauni manne kabla hajatamka neno." Ni kweli, na la nne lilinibana, lakini hayo hayahusu idara yenu.

3. Sasa mwanafunzi anapiga mlio wa nyenje kwa spika dirishani. Wachumba wa mtaa mzima wamejaa sebuleni. Mmoja amehamia kwenye kiatu cha marehemu, na mimi sina moyo wa kumfukuza. Nyumba imegeuka ukumbi wa harusi, na bwana harusi yuko kwenye chupa.

4. Juzi akaniambia kwamba nyenje huishi miezi michache tu. Marehemu ana miaka mitatu kaburini. Kwa hiyo, ati, huyu hakumjua kabisa. Hapo elimu imevuka mpaka.

Kwa hiyo naomba nafasi hiyo apewe nyenje mwenyewe, kwa kuwa ana uzoefu wa mawasiliano tangu utotoni. Mwanafunzi aondolewe. Idara ifungwe. Wadudu wote walio kwenye chupa zenu warudi makwao wakamalizie mazungumzo yao.

Nisalimie walimu, makarani, na nyuki kama mnao.

Wako katika masikitiko,
Mjane wa Fundi

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mwanafunzi amemrudisha nyenje. Aliketi kwenye cherehani akakanyaga pedali kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Kimya. Alipotua, kule nyuma mdudu akalia: kriii! Nikajikuta nasema, "Subiri, mzee, zamu yako inakuja." Kama ni kitukuu wa yule wa marehemu, basi amelelewa vizuri.

Mwanafunzi akaniuliza taratibu, "Mama, hayo maneno ni ya nani?" Nikamweleza mpaka chai ikapoa.

Basi futeni malalamiko namba moja mpaka nne. Na kama nafasi bado zipo, tuleteeni mwanafunzi mwingine: chumba cha uani kiko wazi, na kwenye kabati la jikoni kuna mdudu analia, wala hatujui anamwita nani.