Rokenrol Iliyozama kwenye Salamu

Jumatatu, 10 Novemba
Nimepata! Dada Peninah, yule nesi anayeendesha redio yetu ya Wakenya mtandaoni kutoka sebuleni kwake hapa Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, anatafuta mtangazaji wa kila Ijumaa. Wiki hii atatujaribu wawili, nusu saa kila mtu. Mimi, soja wa geti kule Abu Hamour. Na nani mwingine? Gerishon! Weita wa hoteli, anayelala kitanda cha juu yangu na kukoroma. Mungu wangu.

Nimempigia Baba, Kakamega. Nimemwambia mwanawe ataeleza hewani jinsi rokenrol ilivyoingia redioni na kwenye televisheni. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Ujanani aliicheza Nakuru, kando ya redio ya kantini ya reli. Siku hizi miguu imekataa, haendi popote. Anataka wimbo mmoja tu, na jina lake litajwe. Nimeahidi hapa kitandani, nikiyarudia majina yake yote. Kazi ndogo hiyo!

Jumanne, 11 Novemba
Nimesoma getini, simu ndani ya kofia. Cleveland, Marekani, 1952: mtangazaji aliwaita wasikilizaji wake dansini, wakafurika mpaka polisi wakavunja shughuli. 1957: mwimbaji mkata viuno akaonyeshwa kwenye televisheni kuanzia kiunoni kwenda juu tu, watu wasije wakapotoka. Nikajaribu viuno vyangu nyuma ya kibanda. Supavaiza huyo! Akauliza kama mgongo unauma. Nikasema unauma sana. Amenihamishia maegesho ya chini kabisa, ambako mtandao haushiki.

Jumatano, 12 Novemba
Gerishon anafanya mazoezi bafuni. Ana sauti nzito, tamu, ya kuogopesha. Nimekwisha mimi.

Lakini ngoja. Cleveland inatufunza nini? Wingi wa watu! Nimewatumia ujumbe Wakenya wote ninaowajua, madereva, mayaya, wahudumu: leteni salamu, nitazisoma zote, jina kwa jina. Peninah akiona simu inavyolia, Ijumaa zote ni zangu. Gerishon kwisha habari yake!

Ijumaa, 14 Novemba
Sijui hata kwa nini naandika.

Nilianza vizuri. Nikaigusa Cleveland kidogo, mkono ukaenda kwenye wimbo wa Baba. Simu ikalia. Ujumbe wa Akinyi, yaya kule Umm Salal: anawasalimu shosti zake, kwaya nzima ya kanisa, na majirani wa kwao upande wa kisimani. Nikasoma. Ikaja ya Shaun dereva, na ukoo wake. Nikasoma. Akinyi akarudi kwa hasira: nimemruka shemeji yake! Ikabidi nianze upya, nani asiyejua kwamba kumruka mtu kwenye salamu ni kumtukana? Zikaja na za Kuwait. Nilisoma huku naomba umeme ukatike. Doha haukatiki! Mara Peninah akanionyesha saa. Rokenrol yenyewe haikusikika, hata kuanzia kiunoni kwenda juu.

Akaketi Gerishon. Simu ikalia, akaizima. Akaizima tu, jamani! Akasema salamu zitasubiri, kuna mzee Kakamega ameahidiwa wimbo. Kumbe Jumatatu alikuwa macho kitandani kwake, akinisikiliza! Akamtaja Baba kwa majina yake yote. Akapiga rokenrol.

Peninah amempa Ijumaa. Akanipa mimi chapati za kubeba.

Jumamosi, 15 Novemba
Baba amepiga simu. Kumbe alisikiliza tangu mwanzo. Anasema nilisalimia watu wengi sana, na kila jina alidhani linalofuata ni lake. Halafu yule kijana mwenye sauti akamtaja. Akainuka, akashika meza, akacheza kidogo. Ameniomba nimshukuru Gerishon. Mimi akaniambia nimejitahidi. Nimejitahidi! Nimeshuka maegesho ya chini, nimelia kama mtoto.

Sirudii ujinga ule tena. Nimeona kosa lilipokuwa: salamu zilikuwa za watu wengine. Ijumaa ijayo, Gerishon akifungua mdomo tu, kila Mkenya wa Qatar atamtumia salamu za kumfikia Baba. Za Baba peke yake! Nimeshaanza kuwaandikia. Akinyi ameuliza kama anaweza kuongeza na shemeji yake.

Nimemwambia aongeze tu, asije akakasirika.