Mtaro Hadi Mlangoni Kwangu

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimebadilisha mafuta ya haidroliki ya trekta, yale yanayoinua plau. Peke yangu! Shemeji, kaka wa mke wangu, kila akikaa mahali hutangaza kwamba mafuta yale yamechakaa na mtu wa kuyabadilisha ni yeye, kwa kuwa zamani aliendesha greda. Nimemuwahi. Yeye kaenda kunyoa, mimi nikaingia chini ya trekta.

Mafuta ya zamani yalitoka meusi kama tako la sufuria. Nikafungua na filta, lile kopo la kuyachuja. Ringi yake ya mpira ilibaki imegandia juu, haitaki kubanduka. Nikaitazama. Nzima kabisa! Nikaiacha, nikafunga filta mpya na ringi yake mpya. Ringi mbili zitaziba kuliko moja. Hilo halihitaji chuo. Mimi niliishia darasa la nne na nimeliwaza mwenyewe.

Kesho namlimia dada yangu mkubwa. Trekta alituachia marehemu baba sote, lakini kiti ni changu, tangu nina meno. Dada ni mjane. Shamba lake ndilo ghala lake, na mawingu yameanza kukusanyana. Kaniambia kwa upole, na upole wake ndio wa kuogopwa: mvua ikimkuta hajalimiwa, kiti anapewa Shemeji. Nimecheka sana.

Jumanne, 5 Novemba

Sicheki.

Nimewasha. Nimevuta wenzo wa kuinulia plau. Plau ikapanda shibiri moja, ikatetemeka kama mzee aliyelazimishwa kucheza ngoma, ikashuka. Nikavuta tena. Ikafikiria, ikakataa. Na pampu inalia! Si kunguruma. Kulia, kama mbwa aliyefungiwa nje. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza ni nani anayeteswa. Nikamwambia mafuta mapya ndivyo yalivyo, yanazoea nyumba. Akasema hata yeye alipoolewa hakulia hivyo.

Nikaamua mafuta ni machache. Nikaongeza. Kijiti cha kupimia kikasema yametosha. Nikaongeza tena, maana kijiti nacho kimezeeka, kitajua nini? Yakafurika kwenye tundu la kupumulia. Meupe! Niliweka mafuta ya rangi ya asali, yametoka povu kama maji ya kufulia.

Nimekalia ndoo nikayatazama yakichuruzika. 

Jumatano, 6 Novemba

Nimekwenda kumgombeza muuza vipuri. Kaniuzia mafuta mabovu, hakuna lingine. Alinisikiliza huku akitafuna njiti, akauliza kama kuna mahali hewa inaingia. Nikamwambia nimekuja na habari ya trekta, si ya mpira wa miguu. Akauliza kama nilipofunga filta mpya nilibandua ringi ya zamani. Nikamjibu kwamba mimi si mtoto. Hilo si jibu, lakini alilipokea.

Akanishauri niipandishe na kuishusha mikono ya kuinulia plau mara kadhaa bila mzigo, hewa itoke. Nimefanya. Mikono ilipanda vizuri! Nikasogea karibu kuipongeza, ikaanguka yote kwa pamoja. Mguu niliutoa. Kandambili sikuiwahi. Imekuwa nyembamba kama karatasi.

Shemeji alipita na kichwa chake kipya kinachong'aa, akauliza ng'ambo ya ua kwa nini trekta siku hizi linaimba sauti ya kwanza. Nikampa kisogo.

Upepo umegeuka leo. Unanukia maji. 

Alhamisi, 7 Novemba

Akili ni mali! Kama plau haipandi kwa mafuta, itapanda kwa jeki. Alfajiri nimeiinua kwa jeki, nikaifunga kwa mnyororo isishuke, nikaenda shambani kwa dada kama bwana harusi. Nimefika, nimefungua mnyororo, plau ikazama ardhini yenyewe. Nikalima mstari mmoja. Mstari huo! Mtu angeweza kuufuata kwa kamba. Dada alisimama pembeni akapiga kigelegele kimoja kidogo, cha kubana matumizi.

Kisha nikafika mwisho wa shamba. Hapo ndipo mtu huinua plau, akageuza. Nikavuta wenzo. Hakuna. Nikausihi. Hakuna. Jeki? Jeki nimeiacha nyumbani, imeegemea ukuta, inapumzika.

Ningesimama pale pale, lakini ile ndiyo njia ya Shemeji, na ni saa yake ya kupita. Anikute nimekwama? Bora kufa. Nikaamua kulirudisha trekta nyumbani upesi, nilifiche nyuma ya banda, hivyo hivyo plau ikiwa chini. Nimepita kwenye bustani ya dada, mboga zake zote zimelala upande mmoja. Nimepita kwenye njia ya watu. Watu waliniamkia na mimi nikawaitikia, kama vile kulima njia ni jambo la kila wiki.

Nimelifunika trekta kwa turubai, na matawi juu yake. Halionekani kabisa. Nikatoka nje kupumua, nikageuka kutazama nilikotoka.

Mtaro mmoja. Mnene, umenyooka, kutoka shambani kwa dada mpaka mlangoni kwangu. Hata kipofu angefika kwa kuupapasa.

Ijumaa, 8 Novemba

Wamefika. Shemeji mbele na spana zake ndani ya kitambaa, dada nyuma akishika sketi isiburuze kwenye udongo wa mtaro wangu. Shemeji hakuuliza trekta liko wapi. Aliondoa matawi kwa adabu, moja moja, kama mtu anayemvua mgeni koti.

Nikamweleza kwamba tatizo ni pampu, kwamba vyuma vya siku hizi havina uvumilivu. Akasema ndiyo, ndiyo, shemeji, huku anafungua filta.  Akachomoza kutoka chini na ringi mbili, moja kila kidole, kama pete.

"Shemeji," akaniuliza, "huyu wa pili alikuja na nani?"

Nikasema niliziweka makusudi, nione kama atagundua. Mke wangu akaingia ndani. Nilimsikia akicheka mpaka kibao kikaanguka.

Basi ringi mbili hazikai sawa. Pampu ilikuwa inanyonya hewa pamoja na mafuta, ndiyo povu, ndiyo kilio. Amefunga ringi moja, amemwaga mafuta yangu niliyoyazidisha, akasema yaliyobaki yalale mpaka asubuhi povu liishe. Siku nzima nyingine! Dada alitazama juu, mawinguni. Halafu akanyoosha mkono.

"Ufunguo, mdogo wangu."

Nimempa. Nina wajukuu, na nimeunyoosha mkono kama mtoto aliyekamatwa na kipande cha sukari.

Jumamosi, 9 Novemba

Plau inapanda kwa kidole. Haitoi hata mguno. Shemeji amekaa kwenye kiti changu amevaa viatu. Viatu! Nimesimama kwenye ukingo wa shamba, nikiomba akwame.

Kabla ya adhuhuri mvua ikashuka, yote kwa mpigo. Udongo ule ukilowa, trekta halipiti wiki nyingi. Magurudumu yakateleza, Shemeji akazima, akashuka na viatu vyake kwenye tope. Nilifurahi. Nakiri nilifurahi mpaka vidole vya miguu.

Kisha nikamwona dada. Hakukimbilia kibandani. Alikuwa amesimama mvuani akitazama pale mitaro inapoishia na majani yanapoanza, katikati kabisa ya shamba.

"Nusu ya mahindi," akasema, wala si kwangu, "ni nusu ya mwaka."

Sikupata pa kuuweka uso. Nikasema nusu iliyobaki tutailima kwa mkono, mimi wa kwanza. Nilisema kwa sauti kubwa, kumbe watu wote walisikia.

Jumanne, 12 Novemba

Siku ya pili ya jembe. Tuko watatu, dada, mke wangu na mimi, na majembe ni matatu tu. Wao wanakwenda, nami nawafuata kwa mbali kama mkia. Mgongo umekataa. Mikono imetoka malengelenge. Dada hanisemeshi, ananipokea mstari wangu ukibaki, anaumaliza, anarudi kwenye wake. Hilo linauma kuliko malengelenge.

Lakini nimekaa chini ya ukingo na kufikiri, na nimegundua kosa liko wapi. Si mimi. Ni mpini. Mrefu mno! Unamlazimu mtu kubeba mti mzima ili kuchimba tundu dogo. Nikachukua msumeno nikaukata.

Sasa ni mfupi mno. Nalima nimepiga magoti.

Wazo lenyewe halina kasoro. Nilikosea kukata kwa kukadiria. Dada na mke wangu wameingia kibandani kuepuka manyunyu, na majembe yao yameegemea mlango. La mke wangu nitalipima kwanza, ndipo nilikate.