Waraka wa Saa ya Ubongo

Umma unatangaziwa kwamba Idara ya Usingizi imekomesha kabisa tabia ya kulala ovyo. Kuanzia Jumatatu, saa iliyomo ubongoni mwa kila mtumishi itafuata saa ya ukutani ya Mkurugenzi. Atakayekutwa amelala kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, kazi hana. Ili tusipoteze muda, barua ya kumfukuza itasainiwa na mtumishi yeyote aliye macho. Kifungu hicho nilikibuni mimi, katibu, na najivunia.

Daktari wa Idara alileta ubishi. Alidai saa hiyo ya kichwani hufuata mwanga wa jua.

"Jua limeajiriwa na nani?" Mkurugenzi aliuliza.

Nikaliandika swali kwenye muhtasari.

Wa kwanza kunaswa alikuwa mlinzi wetu wa usiku. Saa nne asubuhi tulimkuta kwake, anakoroma bila kibali.

"Jamani, ndiyo kwanza katoka lindo," mkewe alisema.

"Shemeji, hilo halituhusu," nilimjibu.

Tulimsomea mlinzi barua ya wito mara tatu. Akageukia ukutani. Nikaandika: mtuhumiwa ana dharau.

Kesi ikapangwa saa nane mchana, tukishashiba. Mlinzi alifika kanyoa ndevu, kalala vya kutosha. Nyumba wanayokaa ni ya kazi. Kazi ikienda, mke na watoto wako nje.

"Una la kusema?" Mkurugenzi aliuliza huku akipiga miayo.

"Mzee, mimi nalala mchana ili nyie mlale usiku."

"Hilo tutali... tutalijadili."

Akalijadili kidevu kikiwa kifuani. Wajumbe sita wa kikao wakamuunga mkono. Mimi nilifumba macho tu, natafakari.

Saa kumi kasorobo mlinzi alitugusa mabega mmoja mmoja, kwa adabu, akitugawia barua. Zilikuwa nane, zimesainiwa vizuri.

"Samahani, bosi," alimwambia Mkurugenzi. "Waraka ni waraka."

Sasa kiti cha Mkurugenzi anakikalia yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa macho. Nafasi pekee iliyobaki wazi ilikuwa lindo la usiku, na tumeipata mimi na bosi wangu wa zamani. Taabu ni mchana, usingizi hauji. Juzi mzee wa watu aliandika barua kuomba pazia zito, jua linamnyima usingizi. Mkurugenzi mpya, ambaye husoma mihtasari yote, aliirudisha na swali moja pembeni: jua limeajiriwa na nani?