Kelele za Sekunde Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Hatimaye! Daktari Piroska katangaza: hadubini ya pili inataka mtu mmoja tu. Ama mimi, Vencel, mikono ya dhahabu, niliyeacha chuo cha ufundi kwa sababu walimu walichoka kunijibu. Ama Adorján, anayevaa sapatu maabarani na kuwasalimia panya kabla ya kuwachinja. Jumatano, katika hospitali ng'ambo ya mto, Bibi Gizella anatolewa uvimbe kichwani, na kipande cha ubongo kisicho na ugonjwa, kitakachokatwa ili kuufikia uvimbe, katuachia sisi. Atakayeishika seli moja kwa mrija wa kioo na kuisikiliza kwenye spika dakika ishirini, kiti chake. Atakayeshindwa, sinki la kuoshea chupa. Namhurumia Adorján. Sabuni ile huchubua.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya jina la Adorján kwenye kalenda, ambayo huku husherehekewa kama ya kuzaliwa. Kaleta sinia la pogácsa, vimikate vya jibini, kama desturi, na maabara nzima ikaacha kazi ikatafuna. Nimekula saba. Vikavu! Mwenye siku akaanza kunihubiria. Eti mdogo wangu, ngozi ya seli ina vilango. Vikifunguka, sodiamu ya nje inaingia mbio, hapo ndipo seli inapopiga kelele. Kisha potasiamu ya ndani inatoka, seli inatulia, tayari kupiga tena. Nikamuuliza: kama potasiamu ni tamu hivyo, mbona kwenye maji ya nje, mnamoziogesha seli, mnaweka tone tu? Ubahili? Shangazi Ilka, mtunza chupa, akacheka mpaka makombo yakamruka. Kula, kijana, akasema, kufikiri hukukuzoea.

Sawa. Wao wakitafuna, mimi nikapiga hesabu. Ndani potasiamu tele, seli hai. Nje nako tele, seli hai mara mbili! Mtoto mdogo angeona. Nimechanganya chupa yangu ya maji ya seli, potasiamu mara thelathini ya kawaida. Nikaiandika VENCEL kwa herufi kubwa.

Jumatano, 6 Machi

Ubongo umefika saa nne asubuhi, kwenye maji ya barafu yenye mapovu. Vipande sita vyembamba: vitatu vya Adorján, vitatu vyangu. Nikainasa seli upesi, safi kabisa. Nikamimina chupa yangu juu ya vyote vitatu. Mbona nibane?

Spika ikalipuka. Trrrrrr! Seli hazijawahi kupiga kelele hivyo hapa mjini Szeged. Nikanyanyua mikono kama mfunga goli. Watu wakaja mbio. Sekunde kumi na moja za utukufu!

Kisha kimya.

Nikagonga spika. Spika nzima. Nikachungulia hadubini: seli zimevimba kama maharage ya mchuzi wa jana. Adorján hakugeuza hata shingo. Yeye kaisikiliza yake dakika ishirini na tatu. Bahati ya wavaa sapatu.

Alhamisi, 7 Machi

Daktari hakufoka. Afadhali angefoka. Kasema kwa potasiamu yangu ya nje ni kama nilijaza watu barabarani, wa ndani wakakosa pa kutokea. Seli haikutulia, na vilango vya sodiamu havifunguki tena mpaka seli itulie. Zile hazikuwa nderemo, zilikuwa kukata roho. Nikajitetea kwamba panya tumeua wengi tu. Akanijibu: panya tunao mia, Bibi Gizella ana kichwa kimoja, na vilango vya binadamu haviendi sawasawa na vya panya, ndiyo maana tulimwomba yeye.

Kisha adhabu. Bibi aliomba jambo moja tu: aambiwe seli zake zimesema nini. Utamwambia wewe, Vencel.

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Nimemnunulia Bibi ua. Njiani nikatunga hotuba nzito: spika mbovu, hila za maadui. Nikamkuta kafungwa bendeji kama kilemba, macho yake yananichoma. Hotuba ikayeyuka. Nikasema kweli yote: vipande vitatu vimekufa, kwa mkono wangu.

Akauliza, na vile vingine, mwanangu? Ilibidi nimtaje Adorján, kwa uchungu. Nikasema seli ilikuwa inapiga, inatulia, inapiga. Akataka nimgongee mdundo wake mezani. Nikagonga. Akafumba macho, machozi yakamtoka, akatabasamu. Niligonga vizuri kuliko seli yenyewe, niseme ukweli. Wakati naaga, akaniasa nami nijifunze kutulia baada ya kila kelele. Mimi nitulie!

Jumatatu, 11 Machi

Sinki. Adorján kapita na sapatu zake, kaniita mdogo wangu, kaniachia pogácsa moja. Nimeila. Kavu.

Ila nimetafakari sana, na kosa nimeliona. Mara thelathini ilikuwa kidogo mno! Sitini ndiyo dawa. Kesho kutwa kinaletwa kipande cha mgonjwa mwingine. Na hawa wasomi, kwa hofu, wamelihamisha kopo la potasiamu mbali na hadubini, wakalificha mahali ambapo hakuna mtu wa maana anayefika.

Kabatini, juu ya sinki langu.