Mkono Mzima Ndani ya Bendeji

Jumatatu, 3 Machi
Roho juu! Mwalimu wetu wa kuchomelea, tunayemwita Mama Nondo, katangaza kuwa Ijumaa anakuja mkaguzi wa ufadhili. Kila mmoja ataunga vyuma viwili mbele yake. Atakayeshindwa, serikali inaacha kumsomesha, nafasi anapewa mwingine. Kozi ni ya wiki nane. Wiki sita zimepita nikifagia karakana na kubeba vyuma. Mashine sijaigusa! Cheche zikiruka tu, miguu yangu inajiamulia yenyewe. Mke wangu nimemwambia naongoza darasa. Kaka yake, shemeji yangu, yumo darasa hilohilo. Hajasema neno. Anatabasamu tu. Heri angesema.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Mgonjwa hafanyi mtihani. Nimenunua bendeji, nimejifunga mkono wa kulia, vidoleni mpaka kiwikoni. Nimemwambia Mama Nondo kuwa jana, wakati tunafunga karakana, chuma cha moto kiliniangukia. Akashika mdomo. Shemeji akauliza mbona asubuhi ameniona nafunga kamba za viatu. Nikamjibu kuwa maumivu haya huja kwa zamu. Nyumbani mke wangu kanilisha kwa kijiko, machozi yanamlengalenga. Aibu ilinikaba koo. Chakula kilipita vilevile.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwisha! Kumbe mwanafunzi wa ufadhili akiumia, taarifa lazima ifike wizarani. Karakana imetiwa kufuli. Mama Nondo kasimamishwa, eti alituacha bila uangalizi. Wenzangu wote wamekaa barazani na aproni zao, hawana pa kufanyia mazoezi. Mmoja, mjane aliyeacha kufulia watu nguo ili asome, kaniuliza kwa upole kama nimepata nafuu. Laiti ardhi ingepasuka!
Kesho saa nne muuguzi wa chuo anafungua bendeji. Nikawaza nijiunguze kweli, kidogo tu, kwa pasi. Nikaigusa kwa ncha ya kidole, nikapiga ukunga. Mke wangu akaja mbio, akauliza naogopa nini, pasi yenyewe haijachomekwa.

Alhamisi, 6 Machi
Saa nne, chumbani kwa muuguzi. Muuguzi anafungua taratibu, mzunguko baada ya mzunguko. Mkuu wa chuo kasimama dirishani. Mama Nondo yuko kitini, kajishika mikono, kama mtu anayengoja hukumu. Mkono ukatoka laini kama wa mtoto mchanga. Nikasema bendeji za siku hizi zinaponya haraka. Hakuna aliyecheka.
Mama Nondo akaniangalia. "Baba, unaogopa moto?"
Nikasema ndiyo. Machozi yakatoka pamoja nayo.
"Ungeniambia wiki ya kwanza. Wenzako watatu waliniambia."
Hapo ndipo aliponiumiza. Nikaungama yote. Amerudishiwa darasa lake. Mimi nimepewa onyo la maandishi. Shemeji kasema habari ya nyumbani nitaipeleka mwenyewe. Nimeipeleka. Mke wangu kaniwekea sahani mezani, kaenda zake. Kijiko nimekitafuta mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi ni mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. Jina langu likaitwa. Nikageuka nitafute mlango, nikamkuta shemeji. Nikajua leo ananicheka mbele za watu. Akanishika mabega akanirudisha mashineni.
"Shemeji, pumua. Nipo."
Nikawasha. Cheche! Nimepiga mayowe mwanzo mpaka mwisho, lakini mkono haukutoka mashineni. Mshono umepinda kama njia ya mlevi. Mkaguzi akaugonga kwa nyundo. Akaugonga tena. Haukuachia! Kaandika nimalizie wiki iliyobaki. Mjane akapiga vigelegele.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari siku mbili nzima. Uongo ni sumu. Nimeuacha, tena moja kwa moja! Mke wangu kaanza kuniitikia salamu.
Leo ubaoni kuna tangazo: ufadhili mwingine, kozi ya mafundi wa nyaya za umeme, inaanza hii ikiisha. Nimechukua fomu kabla shemeji hajaliona. Wanauliza mwombaji ana uzoefu gani wa kupanda nguzo. Mimi hata kwenye stuli napata kizunguzungu. Nimejaza miaka kumi na miwili. Usaili ni Alhamisi, hukohuko juu ya nguzo. Si kitu. Umeme, angalau, hauna moto.